Harufu ya Uvundo Kwenye Kamera za Zamani: Mwanza, Lawama ni za Kabati

Tangu watu wajue kwamba ninakusanya na kutengeneza kamera za filamu, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: kamera ya marehemu baba, au ya mjomba aliyekuwa na studio, imetolewa kabatini ikinuka uvundo, na ukiitazama lenzi unaona nyuzi nyeupe za fangasi kwa ndani, je, bado ni kamera au imeshakuwa pambo? Waulizaji wengi huwa wamekwisha kutoa hukumu kwamba mkosaji ni Ziwa Victoria. Ziwa linachangia, sikatai, lakini kwa kamera nilizozifungua mimi hapa Mwanza, mkosaji mkuu ni kabati la nguo likisaidiwa na mkoba wa ngozi uliofungwa vifungo vyote, yaani vitu viwili ambavyo familia ilivitumia kwa nia njema kabisa ya kuitunza.

Hesabu yake si ngumu. Hewa ya mchana yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 55 ni hewa ambayo hakuna mtu angeilalamikia. Hewa hiyo hiyo ikifungiwa ndani ya kabati, kisha usiku ukuta ulio nyuma ya kabati ukapoa hadi nyuzi 20, unyevu wake hupanda na kukaribia asilimia 90, ingawa hakuna tone hata moja la maji lililoongezwa, kwa sababu hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, ambayo imetengeneza lenzi tangu karne ya 19, inaeleza kwamba mbegu za fangasi huota pale unyevu unapofika asilimia 70 na kudumu kwa zaidi ya siku tatu, joto likiwa kati ya nyuzi 10 na 35, mahali penye giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo kama vumbi, nyuzi za nguo au alama za mafuta ya vidole. Ukiyasoma masharti hayo moja baada ya jingine utaona kwamba ni maelezo kamili ya kabati la chumba cha kulala. Ndiyo maana kamera huota fangasi hata Julai, wakati mvua imekatika na vumbi limetawala barabarani.

Mwanza tuna jambo letu la ziada. Nyumba nyingi za milimani, kuanzia Isamilo hadi Mabatini na Igogo, zimejengwa zikiegemea miamba, na mwamba uliolowa huendelea kutoa maji kwenye nyufa zake kwa siku kadhaa baada ya mvua kupita. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya namna hiyo hubaki na ubaridi na unyevu muda mrefu, rangi hubanduka, chumvi nyeupe hutoka kwenye plasta, na kwa desturi ukuta huo huo ndio unaoegemezwa kabati kwa kuwa hauna dirisha. Kwa walio ufukweni, mwaka 2020 ziwa lilipopanda na kufikia viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka ya 1960, vyumba vilivyoingiliwa na maji vilikauka sakafu mapema, lakini mbao za makabati ziliendelea kutunza unyevu. Hatua ya kwanza ya tiba, kwa hiyo, haigusi kamera hata kidogo: sogeza kabati, au hamisha kamera.

Mimi nikipewa kamera huinusa kabla ya kuitazama, kwa sababu pua hutofautisha matatizo ambayo jicho huyachanganya. Harufu ya gunia lililolowa likaachwa limekunjwa ni harufu ya fangasi hai au iliyokufa karibuni, na mara nyingi haitoki kwenye lenzi bali kwenye ngozi, kitambaa cha ndani ya mkoba, sponji na gundi. Harufu kali ya siki ni jambo jingine kabisa: hiyo hutoka kwenye negativu za zamani za asetati ambazo plastiki yake imeanza kuoza na kutoa asidi, na zikiachwa kwenye mfuko mmoja na kamera, asidi hiyo hula vyuma na kuambukiza negativu nyingine zilizokuwa salama. Ya tatu ni harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ambavyo watengenezaji kama Nikon huonya waziwazi kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba visiwekwe karibu na kamera. Anayepulizia manukato au kufukiza udi ili kuficha uvundo anaongeza tabaka jingine la uchafu juu ya kioo, na fangasi haiondoki kwa kufichwa.

Mfano ambao unaonyesha karibu kila kitu ni Yashica Mat-124G, kamera ya lenzi mbili iliyotengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi 1986, niliyoipata kwa mjane wa mpiga picha wa studio upande wa Kirumba. Mama huyo aliniambia, “Mwanangu, sisi hatukuigusa kabisa. Alivyoiacha ndani ya mkoba wake ndivyo ilivyo mpaka leo.” Na kweli ilikuwa hivyo. Kifungo cha shaba cha mkoba kilikuwa kimetoa kutu ya kijani iliyojitokeza kama nta kwenye mshono. Nilipokifungua, uzi wa mshono ulikatika wenyewe, na kitambaa chekundu cha ndani kilikuwa na madoa ya kijivu mahali pale pale kamera ilipokigusa, hata ungeweza kuisoma sura ya kamera kwenye kitambaa. Mwili wa kamera ulikuwa na unga mweupe juu ya ngozi yake ya bandia. Lenzi ya juu, ya kutazamia, ilikuwa imejaa nyuzi kiasi cha kuonekana ya kijivu. Lenzi ya chini, ya kupigia picha, ilikuwa na nyuzi chache tu zilizoanzia pembeni na kutambaa kuelekea katikati.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea hukumu. Katika kamera ya lenzi mbili, lenzi ya juu haiingizi mwanga wowote kwenye filamu. Kazi yake ni kukuonyesha unachokilenga. Fangasi iliyoijaza hufanya kulenga kuwe kugumu na kioo cha kutazamia kiwe na giza, lakini picha haitaonyesha dalili yoyote ya fangasi hiyo. Nimewaona watu wakiikataa kamera nzuri kwa sababu ya lenzi ya juu, kisha wakanunua nyingine yenye lenzi ya juu safi na ya chini iliyoliwa.

Ili kuijua hali ya lenzi ya chini, fungua mgongo wa kamera, weka shata, yaani kile kizibo kinachofunguka kupitisha mwanga, kwenye alama ya B inayokiacha wazi muda wote unapobonyeza, fungua tundu la mwanga la lenzi hadi mwisho, kisha ukiwa umebonyeza shata mulika tochi ndogo kwa upande, si moja kwa moja machoni. Nyuzi zenye matawi ni fangasi. Utando sawasawa unaofanana na pumzi juu ya kioo mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani uliotua, nao husafishika kwa urahisi na kuacha kioo kama kipya. Rangi za upinde wa mvua au mapovu pembeni humaanisha kwamba gundi iliyounganisha vioo viwili imeanza kuachia, na hiyo si kazi ya nyumbani. Kabla ya kufungua mgongo, hata hivyo, hakikisha hakuna filamu iliyosahaulika ndani. Kwa kamera za milimita 35, zungusha taratibu kitufe cha kurudishia filamu, na ukihisi kinakaza, irudishe filamu yote kwenye kopo lake kwanza.

Usafishaji wenyewe ninaufanya barazani, nikiwa nimevaa barakoa na glavu, kwa kuwa unga wa fangasi ukipigwa brashi ndani ya chumba unakwenda mapafuni na kwenye mapazia. Mkoba wa ngozi nautupa. Najua inauma, hasa mkoba ukiwa na jina la marehemu limeandikwa kwa kalamu ndani ya kifuniko, na kwa familia ile ya Kirumba nilikata kipande chenye jina, nikakifuta kwa spiriti, nikakikausha na kuwarudishia wakiweke kwenye fremu. Lakini ngozi iliyovunda haiponi, na kuirudishia kamera iliyosafishwa ni kuanza upya ugonjwa ule ule. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma, ambazo kwa kamera za miaka ya 1970 huwa zimegeuka lami inayonata, nazikwangua kwa kijiti cha kuchokolea meno kilicholoweshwa spiriti, nikiuelekeza uchafu nje ili usidondokee kwenye shata. Nusu ya harufu huondoka kwa hatua hizo mbili, kabla sijagusa kioo chochote.

Kioo ndicho kinachohitaji subira. Katika Yashica hii, vioo vya mbele vya lenzi ya chini hufunguka kwa pamoja kama kifuniko cha chupa, kwa kuvizungusha na kipande cha mpira kinachoshika ukingo, na kwa sababu kulenga kunafanywa kwa kusogeza ubao mzima wa lenzi, ukivirudisha kwa kuvizungusha hadi vikome hakuna kinachoharibika. Kamera nyingi za kukunja haziko hivyo: kioo chake cha mbele ndicho kinachozungushwa ili kulenga, na ukikitoa bila kuweka alama ya mahali kilipoanzia, kamera haitalenga tena vitu vya mbali. Alama ya penseli inatosha. Kwa kusugua natumia spiriti safi ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 99, ambayo hukauka bila kuacha michirizi; spiriti za kawaida zenye rangi au mafuta huacha ukungu ambao baadaye utadhani ni fangasi iliyorudi. Doa likikaidi, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa famasi kwa ajili ya vidonda, ikiachwa juu ya kioo dakika chache kwa pamba iliyoloweshwa, huua na kulainisha kilichobaki. Wako mafundi wanaoichanganya na amonia. Mchanganyiko huo unafanya kazi, ila hutoa gesi, hivyo usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa, na kwa hali yoyote usiikaribishe amonia kwenye dawa ya klorini ya kufulia, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kioo cha ndani kinachoakisi mwanga hakiguswi kwa kitambaa, maana fedha yake imepakwa juu ya uso na hutoka kwa kusuguliwa. Hicho kinatosha kupulizwa kwa pampu ya hewa ya mkono.

Kinachobaki baada ya fangasi kuondoka ndicho kinachoamua thamani. Fangasi hutoa asidi inapokula, na asidi hiyo huchimba utando mwembamba wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu ya kioo, na ikipewa miaka ya kutosha huchimba kioo chenyewe. Hakuna dawa ya kujaza mashimo hayo. Kwenye Yashica niliyoisimulia, nyuzi za lenzi ya chini ziliacha alama hafifu pembeni tu, na picha zilizopigwa nayo jua likiwa mgongoni hazina tofauti na za lenzi safi. Ukiligeukia jua, hasa jioni ukipiga upande wa ziwa, weusi wa picha unapauka na mng'ao unatapakaa. Mpiga picha anayejua hilo anaweza kuishi nalo.

Kuhusu jua lenyewe, ushauri unaotolewa sana mjini ni kuanika lenzi juu ya bati mchana kutwa. Miale ya jua inaweza kuua fangasi, ni kweli, lakini haiondoi nyuzi wala alama zake, na joto la bati la saa nane linayeyusha grisi, inatambaa hadi kwenye vibamba vya tundu la mwanga na kuvigandisha. Tena lenzi iliyoachwa juani ikiwa imefungwa kwenye kamera hukusanya miale na inaweza kutoboa pazia la shata, ambalo kwa kamera kama Zenit ni la kitambaa. Ukitaka jua, liwe la asubuhi, lenzi ikiwa peke yake, mtu akiwa karibu. Mchele nao unapendekezwa kwa sababu ya sifa zake za kukausha simu zilizotumbukia majini. Mchele wa Magu ni mzuri sana kwa pilau. Ndani ya mfuko wa kamera unafyonza unyevu kidogo mno na kuacha unga wa wanga, yaani chakula cha fangasi.

Harufu iliyobaki kwenye mwili wa kamera huisha polepole kwa hewa. Naiacha kwenye rafu iliyo wazi, kivulini, mahali upepo unapopita, mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa kidogo na kitambaa chepesi kikizuia vumbi, kisha naihamishia kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na kopo lililotobolewa lenye mkaa uliopondwa, bila kugusana. Haina haraka. Kamera ambayo bado inanuka baada ya hapo huwa ina sponji au gundi iliyosahaulika mahali fulani, na kwa kawaida ni chini ya kioo cha kutazamia.

Kwa uhifadhi sina anasa. Makabati ya umeme ya kukausha hewa ni mazuri, lakini ni ghali, na yanategemea umeme usiokatika. Boksi la plastiki gumu lenye kifuniko chenye mpira, vifuko vya silika vya kufyonza unyevu na kipima unyevu kidogo cha betri vinafanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya gharama. Lengo ni unyevu wa kati ya asilimia 40 na 50. Ukishuka chini ya 30 kwa muda mrefu, ngozi na grisi huanza kukauka. Vifuko vya silika vinavyookotwa kwenye maboksi ya viatu vingi huwa vimeshashiba unyevu tangu dukani, kwa hiyo si vya kutegemea mpaka vikaushwe. Silika ya punje za rangi ya chungwa hubadilika kuwa kijani au nyeusi inaposhiba, na hurudishwa kwa kukaushwa kwenye joto la kama nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Kwenye jiko la mkaa naitandaza katika sufuria pana juu ya moto mdogo, nikiigeuza, sufuria hiyo ikiwa haitumiki tena kupikia. Ile ya bluu inayogeuka ya waridi ina kobalti, ambayo ni sumu, na mimi nimeacha kuinunua.

Mafundi wa zamani walitumia njia nyingine: balbu ndogo ya waya ndani ya kabati, ikiwaka usiku kucha. Sayansi yake ni ile ile niliyoanza nayo, ikiwa imegeuzwa. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto hadi nyuzi 25, inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 60, na fangasi haipati pa kuotea. Balbu za sasa za LED hazitoi joto la kutosha kwa kazi hiyo, na balbu za waya zinazidi kuadimika madukani. Na kwa wanaopiga picha mialoni au kwenye meli ya Ukerewe, mfuko wenye sponji uliorudi na unyevu wa ziwa uachwe wazi usiku huo, kamera ikiwa nje yake.

Limebaki suala la bei. Lenzi ya Helios-44-2 ya Zenit yenye fangasi nyingi haistahili gharama ya fundi, kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi mno na safi bado zinapatikana kwa bei nafuu. Yashica ya studio yenye nyuzi pembeni inastahili, mradi muuzaji akubali kupunguza kwa kadiri ya tochi inavyoonyesha, si kwa kadiri ya anavyoikumbuka. Kamera ya kukunja yenye fangasi katikati ya vioo vilivyogandishwa kwa gundi siinunui hata ikiwa ya bei ya kutupa. Ikiwa ni ya familia yako, isafishe kwa nje, itupe ngozi iliyovunda, na uiweke sebuleni kwenye rafu iliyo mbali na ukuta wa mwamba.